Ukitaka Siagi Leo, Ungeanza Juzi

Kila Desemba, mabasi yakishashusha watu wa mjini pale Kayanga, hakosekani mmoja mwenye hamu ya siagi ya kibuyu. Anafika nyumbani saa nne asubuhi, anaamkia wazee, anakunywa chai, kisha anauliza kama siagi itakuwa tayari kabla ya chakula cha mchana, maana jioni ana safari ya Bukoba. Mwongozo huu nimemwandikia yeye na wenzake wa Mwanza, Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, waliozoea kuikuta siagi imejipanga kwenye jokofu la duka ikiwa imevishwa karatasi. Naandika kwa mapenzi. Nataka aisuke kwa mikono yake, na nataka aelewe kwa nini mchana wa leo haiwezekani.

Hatua ya kwanza ya kusuka siagi ni kukaa bila kufanya lolote kwa siku mbili. Katika hatua zote, hii ndiyo inayowashinda watu wa mjini. Maziwa yakishakamuliwa huachwa yagande, na hayagandi kwa kupigiwa simu. Ndani ya maziwa mafuta yametawanyika kama vitone vidogo mno, na kila kitone kimevaa kiganda chake chembamba kinachokizuia kushikana na mwenzake. Vijidudu vya mgando hula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Maziwa yanachachuka, yanakuwa mazito, na vile vitone vinakuwa tayari kuachana na viganda vyao pindi vitakapoanza kugonganishwa. Kwetu Karagwe, kwenye vilima vilivyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maziwa hukaa siku mbili, na katika baridi ya Juni na Julai huenda mpaka ya tatu. Kule kwenye joto la pwani yanawahi zaidi. Usiyachungulie kila baada ya saa moja.

Kuhusu kuchemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, nitasema waziwazi, kwa kuwa ni jambo la afya. Bibi yangu hakuchemsha. Mimi nachemsha. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na siagi iliyotokana na maziwa hayo haina kinga yoyote. Chemsha, acha yapoe mpaka yabaki uvuguvugu, kisha tia upawa wa mtindi wa safari iliyopita ili kuyagandisha. Ladha inapungua kidogo. Wazee watakuambia inapungua sana, na wewe wasikilize kwa heshima, halafu uchemshe.

Maziwa ya pakiti usiyalete. Mgeni mmoja alitujia na katoni nzima, kwa nia njema kabisa, akiwa amewahurumia ng'ombe wetu kwa sababu ya kiangazi. Tuliyagandisha, yakaganda vizuri, tukayasuka asubuhi yote bila kupata hata chembe. Sababu yake inajulikana. Mwaka 1899 Mfaransa aitwaye Auguste Gaulin alipata hataza ya mashine inayoyasukuma maziwa kwa nguvu kupita kwenye vitundu vidogo sana, mpaka vitone vya mafuta vipasuke na kuwa vidogo zaidi, visiweze tena kuelea juu na kufanya utandu. Maziwa mengi ya pakiti yamepitishwa humo. Kibuyu ni cha kugonganisha vitone, na vitone vilivyopondwa kiasi hicho havigongani vikashikana. Tafuta ng'ombe, au mtu mwenye ng'ombe, au jirani wa mtu mwenye ng'ombe.

Hesabu pia uijue mapema, isije ikakuvunja moyo mbele ya watu. Katika maziwa ya kawaida mafuta ni kama sehemu 4 kati ya 100, na siagi nzuri yenyewe ni mafuta sehemu 80 na kidogo, zilizobaki nyingi ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya siagi inataka lita 20 hivi za maziwa, tena ukisuka bila kupoteza, na kibuyu hakikosi kupoteza kidogo kwenye mtindi. Ukileta lita 5, tegemea chini kidogo ya robo kilo. Ndiyo, robo. Sasa umejua kwa nini shangazi yako alipokupakia kopo la siagi urudi nalo mjini alikutazama usoni mpaka ukalipokea kwa mikono miwili.

Kibuyu chenyewe hakinunuliwi asubuhi kikatumika jioni. Kinavunwa kikiwa kimekomaa na kikonyo kimekauka, kinakatwa mdomo, kinajazwa maji na kuachwa siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze. Kisha kinatiwa mchanga na kokoto, kinatikiswa, kinamwagwa, kinasuuzwa, na mzunguko huo unarudiwa mpaka maji yatoke bila uchungu. Onja maji hayo kwa ncha ya ulimi. Kibuyu kikibaki na uchungu, siagi yake itakuwa chungu mwaka mzima. Wanyankole wa Uganda wanakiita ekisaabo, Wanyarwanda na Warundi wanasema igisabo, na kitendo chenyewe kwa wote hao ni neno moja: okucunda, gucunda. Mipaka ilichorwa na watu wengine. Kibuyu kilikuwepo kabla yake, na jina lake linavuka mito ya Kagera na Akanyaru bila pasi.

Kisha kuna moshi. Kibuyu huoshwa kwa maji ya moto peke yake. Sabuni haiguswi, kwani gome lake lina vitundu vinavyonyonya kila harufu, na hakuna anayetaka siagi yenye harufu ya sabuni ya kufulia. Badala ya sabuni unakifukiza: nyasi kavu au vijiti vinavyofuka taratibu, mdomo wa kibuyu umeinamishwa juu yake mpaka moshi ujae ndani, halafu unaziba na kungoja. Moshi hukausha, hupunguza vijidudu vibaya, na huacha ile harufu ambayo mtu wa kwetu akiisikia ugenini hunyamaza ghafla. Wamasai nao husafisha vibuyu vyao kwa vijinga vya mzeituni-mwitu. Kila watu wana mti wao, na kila bibi ana hakika kwamba mti wake ndio wenyewe. Usibishane naye. Mwulize ni mti gani, akuoneshe ulipo, uukariri.

Sasa tumefika kwenye kusuka, na hapa sitakuharakisha.

Amka mapema. Kazi hii ni ya alfajiri, wakati maziwa yana ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 hivi. Yakiwa ya baridi kupita kiasi, mafuta yanakuwa magumu na hayashikani. Jua likishapanda yakapata joto, siagi inakuwa laini kama losheni, inajichanganya na mtindi na kukataa kutoka. Mimina maziwa mgando mpaka nusu ya kibuyu, au theluthi mbili ukizidi sana. Nafasi inayobaki si ya kupoteza. Ndiyo uwanja wa kurukia, na maziwa yasiporuka hayagongani. Kila mwanafunzi hujaza kibuyu mpaka shingoni akidhani atapata siagi nyingi, kisha anatikisa saa nzima akiyapeleka maziwa matembezini tu, huku na huku. Usijaze.

Ziba kwa kizibo kinachobana. Gunzi la mahindi lililofungwa kwa kitambaa safi linafaa. Kalia mkeka, nyoosha miguu, weka kibuyu kwenye kata ya majani ya mgomba mbele yako au kipakate mapajani, kiwe kimelala. Mkono mmoja shingoni, mwingine kwenye tumbo lake. Kivute kwako, kisukume, kivute, kisukume. Mwendo ni wa mtu anayembembeleza mtoto mchanga aliyekaribia kulala. Binamu yangu, kijana mwenye kifua kilichotokana na mazoezi ya vyuma, aliwahi kukitikisa kibuyu kwa nguvu mpaka kizibo kikafyatuka na maziwa yakamwosha kuanzia kidevuni. Bibi hakupandisha sauti. Alimwuliza, "Mjukuu wangu, huyo mtoto unamlaza au unamfukuza?" Kisha akakiweka kibuyu sawa, akamshika mikono miwili kwa mikono yake, wakasuka pamoja mpaka mwendo ukamwingia. Sijaona somo bora kuliko lile, na lilifanyika bila neno la pili.

Dakika chache baada ya kuanza, fungua kizibo kidogo uitoe hewa iliyokusanyika ndani, la sivyo kitafyatuka chenyewe. Rudia kila baada ya muda.

Kuanzia hapo, kazi ni ya masikio. Mwanzoni utasikia maziwa yakianguka kwa uzito: gudu, gudu, gudu. Baada ya robo saa hivi povu linajaa na sauti inazama. Kibuyu kinakuwa kimya, kizito, kama mto wa pamba, na mikono inauma. Hapo ndipo wengi husema kibuyu kimeharibika, au maziwa yalikuwa mabovu, au kuna mtu mwenye jicho baya kapita uani. Hakuna aliyepita. Hewa imejaa kwenye maziwa, na vitone vya mafuta vimeanza kujipanga kuzunguka mapovu. Usiache, wala usiongeze kasi. Endelea na mwendo uleule. Kimya hicho kinaweza kuchukua dakika kumi, kinaweza kuchukua arobaini, kutegemea maziwa, baridi na kibuyu.

Halafu, bila taarifa, sauti inarudi. Inarudi tofauti, nyepesi, ya majimaji, chubwi, chubwi, na ndani yake kuna vitu vidogo vinavyogonga ukuta wa kibuyu kama mvua ya kwanza juu ya bati. Bibi yangu alikuwa akisikia badiliko hilo akiwa jikoni anachambua mboga, nasi tulioshika kibuyu hatujasikia lolote. Alikuwa akiita tu kutoka ndani: "Imefika." Nilikuwa na miaka tisa, naye macho yake yalikuwa yameshafifia. Hakuwahi kukosea hata siku moja mbele yangu.

Kama huna masikio hayo bado, chomeka unyasi safi kupitia mdomo wa kibuyu na uutoe. Ukitoka na chembe za manjano zilizoushikilia, kama ulezi, endelea kidogo zikue kama mtama, kisha tia kikombe cha maji safi ya baridi na usuke mara chache tena, taratibu. Maji hayo huzifanya chembe zikaze na kushikana. Ukizidisha hapo, chembe zitakuwa bonge moja lililomeza mtindi ndani yake, na utatoa jasho kuuosha.

Mimina vyote kwenye beseni pana. Siagi itaelea, ikusanye kwa mwiko. Mara hii ndipo watoto wa nyumba nzima hutokea, hata wale walioitwa kuja kusaidia kusuka wakajifanya hawakusikia. Kila mmoja ana kidole kimoja tu, anasema, na anataka kuonja kidogo tu. Wahenga walishaonya kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu la siagi halina kinga zaidi. Toa fungu la watoto mapema, kwenye sahani yao, kila mtu ajue mpaka wake. Lakini litoe. Mtoto aliyenyimwa siku hiyo hatakuja kukaa mkekani mwaka ujao.

Osha siagi kwa maji ya baridi, ukiibonyeza kwa mwiko wa mti, ukimwaga, ukitia mengine, mpaka maji yatoke meupe bila ukungu. Usiruke hatua hii. Mtindi uliojificha ndani ya siagi ndio unaoichachusha na kuitia harufu ndani ya siku mbili tatu. Chumvi ni hiari yako. Rangi usiilaumu wala usiifananishe na ya dukani: wakati wa mvua, ng'ombe wakila majani mabichi, inatoka ya manjano iliyoiva, na kiangazi inapauka karibu kuwa nyeupe. Rangi inatoka malishoni.

Kinachobaki mezani kwako ni mtindi, na mtindi si uchafu wa kumwaga. Unanyweka, unaliwa na ugali au viazi, na upawa wake mmoja unahifadhiwa ili kugandishia maziwa ya safari ijayo. Ukitaka siagi ikae miezi bila jokofu, ifanye samli: iweke kwenye sufuria juu ya moto mdogo, uisikilize. Itatokota na kulia kwa sababu maji yaliyomo yanatoka. Ikinyamaza, na mashapo chini yamekuwa ya kahawia, ipua na uchuje. Mpishi wa pilau wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu samli. Ankole wana mapishi yao, eshabwe, ambayo mafuta ya siagi hupigwa na maji na chumvi ya mawe mpaka yanageuka mchuzi mweupe mzito, na huandaliwa hasa kwenye harusi na wageni wa heshima. Ukialikwa, nenda.

Limebaki jambo la mikono ya nani. Kwa Wahima wa Ankole na kwa majirani zao wa Rwanda, ng'ombe alikamuliwa na wanaume, wanawake wakakatazwa hata kumgusa kiwele, lakini maziwa yakishaingia ndani yakawa mzigo wao: kugandisha, kufukiza, kusuka, kuosha. Sifa za ng'ombe ziliimbwa na wanaume uani. Siagi ilipakwa kwenye ngozi ya kila mtu, ikamfanya bibi harusi ang'ae, ikalainisha ngozi za kuvaa, ikapikiwa, na mikono iliyoitengeneza haikuimbiwa sana. Naamini deni hilo linalipika. Linalipwa kwa kijana wa kiume kukaa mkekani na kusuka mpaka mwisho, zamu yake nzima, bila kupigwa picha akiwa ameshika kibuyu dakika mbili.

Nakubali pia kila kitu kinachompunguzia bibi maumivu ya mabega. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa, ILCA, kilijaribu kutia kifaa cha mti chenye mapanga ndani ya mtungi wa udongo wa Waethiopia, kikazungushwa kwa kamba, na muda wa kusuka ukapungua sana, siagi ikatoka zaidi. Sioni dhambi hapo. Mtu akikutengenezea kitu kama hicho kwa kibuyu chako, mshukuru. Masikio bado utayahitaji.

Basi, ndugu yangu wa Desemba, mwaka huu usije saa nne ukiwa na safari ya jioni. Piga simu siku tatu kabla, uwaombe wagandishe. Njoo ulale, uamke alfajiri, ukae mkekani. Na kama bibi yako bado yupo, anza naye yeye kabla ya ng'ombe, maana maziwa yatapatikana kesho na keshokutwa. Kama hayupo, na kibuyu chake mmekitundika sebuleni kiwe pambo, kishushe leo. Kikague kama hakijapasuka, kioshe kwa maji ya moto, kifukize. Kitakuwa kimekauka sana, kwa hiyo mara ya kwanza usikisukie kitu. Kitie maji, kikae usiku mmoja.